Danh Vo: Sanaa ya Ukimbizi au Sanaa ya Mikataba?

Phùng Vo hajui Kifaransa. Hata hivyo, kuanzia mwaka 2009 alikuwa akiketi mezani huko Denmark na kunakili kwa mkono barua moja ileile ya Kifaransa. Ombi likija, anaandika nakala nyingine kwa mwandiko wake mzuri wa kupendeza, anaikunja, anaitia kwenye bahasha na kumtumia mnunuzi kwa posta. Barua yenyewe iliandikwa Januari 1861 na Théophane Vénard, mmisionari Mfaransa aliyekuwa kifungoni Tonkin, kaskazini mwa Vietnam, akimuaga baba yake mzazi. Tarehe 2 Februari mwaka huohuo akakatwa kichwa. Ndani ya barua anasema upanga utakitenga kichwa na kiwiliwili kama vile mwenye bustani achumavyo ua kwa kujifurahisha. Mwaka 1988 Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu.

Kazi hii inaitwa 2.2.1861. Nakala hazina idadi maalumu. Mpango ni ziendelee kutoka hadi Phùng atakapofariki. Lakini jina linaloandikwa kwenye orodha za makumbusho si la Phùng aliyeshika kalamu, wala si la Vénard aliyetunga maneno. Ni la Danh Vo, mwanawe Phùng, na hapo ndipo mabishano juu ya msanii huyu yanapoanzia. Kuna wanaosema ni mmoja wa wasanii wa dhana, wale ambao kwao wazo ndilo kazi yenyewe, wenye akili kali kuliko wote wa kizazi chake. Wengine wanasema ni mkusanyaji wa vitu vya watu mwenye bahati ya kuwa na historia inayouzika.

Historia hiyo kwa ufupi ni hii. Danh alizaliwa Bà Rịa, kusini mwa Vietnam, mwaka 1975, miezi michache baada ya Saigon, mji mkuu wa Vietnam ya Kusini, kuanguka tarehe 30 Aprili. Familia ikaishia kisiwani Phú Quốc. Mwaka 1979 Phùng aliunda mashua kwa mikono yake, akaipakia familia yake pamoja na watu wengine, wakaingia baharini kwa matumaini ya kufika Marekani. Hawakufika. Waliokotwa na meli ya mizigo ya Maersk, kampuni ya Denmark. Singapore ya wakati ule ilikuwa ikiwashusha waliookolewa baharini kwa sharti kwamba nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake ikubali kuwachukua. Basi wakakaa kambini Singapore kwa muda, kisha wakapelekwa Denmark, nchi ambayo hawakuwa wameichagua.

Kati ya 1975 na 1995 karibu Wavietnam 800,000 walifika nchi nyingine kwa mashua za namna ile. Waliozama hakuna aliyewahesabu. Kwa hiyo kilichomtokea Danh si kisa cha kipekee, na mwenyewe hajawahi kukiuza kama cha kipekee. Alikuwa na miaka minne. Amewahi kusema haiamini sana hadithi yake kama kitu kinachosimama peke yake, kwa kuwa imechanganyika na hadithi za watu wengine. Ila kuna jambo moja ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka. Uraia wa familia ile haukutokana na vita moja kwa moja, wala na huruma. Ulitokana na sharti la bandari na bendera ya meli. Walipofika, maafisa wa Denmark wakamsajili mtoto jina kwa mpangilio wa kwao: Wavietnam hutanguliza jina la ukoo, huku likasogezwa mwisho, akawa Trung Ky-Danh Vo. Makaratasi, makaratasi tu. Ukilishika hilo mapema, kazi zake nyingi hubadilika sura, na nadhani hata hukumu juu yake hubadilika.

Nianze na wanaombeza, maana wana hoja, na hoja yao nzito kuliko zote inahusu maelezo ya ukutani. Wanauliza: ukiondoa kile kikaratasi kilichobandikwa pembeni ya kazi, kinabaki nini?

Chukua viti vya McNamara. Robert McNamara alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani kuanzia 1961 hadi 1968, miaka ambayo vita vya Vietnam vilipanuka kutoka washauri wachache wa kijeshi hadi majeshi ya mamia ya maelfu. Kennedy alipouawa mwaka 1963, mjane wake alimpa McNamara viti viwili kutoka chumba cha mikutano ya Baraza la Mawaziri katika Ikulu ya Washington. McNamara alifariki 2009, na mwaka 2012 vitu vyake vikapigwa mnada Sotheby's, New York. Vo akanunua viti hivyo kwa dola 146,500. Kisha akavichambua: ngozi mbali, vitambaa mbali, misumari mbali, fremu za mbao mbali. Kila kipande kikawa kazi inayosimama peke yake.

Ukiitazama ile ngozi kwa karibu, inaning'inia ukutani ikiwa imelegea, na ukingoni kuna vitundu pale misumari ilipopita. Ni nyeusi, imechakaa pale mgongo wa mtu ulipoegemea. Inafanana na ngozi ya mnyama aliyechunwa, na pengine hilo ndilo lililokusudiwa. Lakini mgeni asiyesoma kikaratasi atadhani ameingia karakana ya fundi makochi. Jina la McNamara halimo kwenye ngozi, limo kwenye orodha ya mnada. Kisasi, kama ni kisasi, kinafanyika kwa maandishi.

Hapo mbezaji anaongeza la pili: gharama. Aliyeteswa na vita ananunua kiti cha aliyeviendesha, anakipasua, na vipande vinaingia soko la sanaa kwa thamani mpya. Nani amepata hasara? Si McNamara. Mateso yamekuwa mtaji, na mtaji umezaa.

Siwezi kusema hoja hii haina miguu. Naona viti vile ni miongoni mwa kazi zake dhaifu, licha ya kwamba ndivyo vinavyopigwa picha zaidi. Vinategemea mshtuko wa jina.

Thurea nazo zina tatizo hilohilo. Kwenye ukumbi wa Hotel Majestic ya zamani, Avenue Kléber mjini Paris, ndipo uliposainiwa mkataba wa amani wa Vietnam tarehe 27 Januari 1973, mkataba ambao haukuizuia Saigon kuanguka miaka miwili baadaye. Jengo lilipouzwa ligeuzwe hoteli ya kifahari, Vo alifanikiwa kuzipata thurea za ukumbi ule, zile taa kubwa za vioo vingi zinazoning'inia darini. Moja iko MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, na inaitwa 08:03, 28.05. Nyingine iko makumbusho ya taifa ya sanaa mjini Copenhagen. Majina yake ni saa na tarehe, kama kumbukumbu ya mpokeaji mizigo bandarini. Ni vitu vizuri kutazama, hilo halina ubishi. Lakini thurea haikusaini kitu. Ilikuwapo tu. Kudai kwamba vioo vimebeba usaliti wa chumba ni kudai imani, na si kila anayelipa kiingilio cha makumbusho amekuja kusali.

Wanaomtetea wana jibu zuri kwa hili, na jibu lenyewe linatoka kwenye dini aliyolelewa nayo. Wakatoliki wana desturi ya masalia: kipande cha mfupa wa mtakatifu, uzi wa vazi lake, kitu kilichogusa kaburi lake. Mfupa wa kidole bila cheti ni mfupa tu. Kwa karne nyingi Kanisa limeambatanisha masalia na hati yenye muhuri inayosema hiki ni cha nani, kimetoka wapi, na nani amekithibitisha. Hati si pambo. Bila hiyo ibada haipo. Kwa hiyo, wanasema, kumlaumu Vo kwa kuhitaji maelezo ni sawa na kulilaumu kanisa kwa kuwa na vyeti. Kitu na karatasi yake ni mwili mmoja.

Nalikubali nusu. Nusu ninayoikataa ni hii: muumini anapopiga magoti mbele ya mfupa, ana uhusiano na mwenye mfupa tangu utotoni, anamwomba, anamtegemea. Mtazamaji wa makumbusho hana uhusiano wowote na McNamara isipokuwa ule aliopewa dakika mbili zilizopita na maneno arobaini ukutani. Imani ya dakika mbili haiwezi kubeba mzigo mkubwa.

Tofauti inaonekana vizuri zaidi kwenye barua za Kissinger. Vo alizipata mnadani pia: barua fupi ambazo Henry Kissinger, akiwa mshauri wa usalama wa Rais Nixon, alimwandikia Leonard Lyons, mwandishi wa safu katika gazeti la New York Post, kumshukuru kwa tiketi za maonyesho. Moja ni ya Mei 1970, mwezi ambao majeshi ya Marekani yalikuwa ndani ya Kambodia. Kissinger anamwambia Lyons kwa utani kwamba angependelea kutazama ballet kuliko kuitafakari Kambodia, laiti angepewa nafasi ya kuchagua. Hapa huhitaji kikaratasi. Unasoma nembo ya Ikulu juu ya karatasi, unasoma tarehe, unasoma utani, na damu inakusisimka. Ushahidi umo ndani ya kitu chenyewe. Vo hakufanya zaidi ya kuitundika, na kuitundika kulitosha.

Kipimo changu kimetokana na hapo: je, kitu kinabeba shughuli yake mwenyewe, au kinakopa uzito kwa jina la mtu? Kwa kipimo hiki Vo ana kazi za daraja la kwanza kabisa, ila si zile anazosifiwa kwazo kama mkimbizi.

We The People, kwa mfano. Kuanzia mwaka 2010 aliagiza nakala ya Sanamu ya Uhuru ya New York kwa ukubwa wake halisi, ile yenye urefu wa mita 46 kutoka miguuni hadi ncha ya mwenge. Mafundi wa China walifua shaba nyekundu kwa nyundo, kwa mtindo uleule wa Ufaransa ya karne ya 19, kwa unene uleule wa takriban milimita 2.4. Ila haikuunganishwa na haitaunganishwa. Ni vipande takriban 250 vilivyotawanywa kwenye makumbusho na mikusanyo ya watu binafsi katika nchi mbalimbali: hapa kuna mikunjo ya joho, kule kuna sehemu ya sikio, kwingine pingu ya mnyororo uliokatika miguuni mwa sanamu. Mwaka 2014 baadhi ya vipande viliwekwa hadharani New York, karibu na ukumbi wa jiji na kwenye bustani ya Brooklyn Bridge, jirani na mama yao.

Ukisimama nyuma ya kipande kimoja unaona alichokiona yeye. Upande wa mbele ni joho zito la mungu wa kike. Upande wa nyuma ni bati. Vyuma vya kushikilia, riveti, na shaba nyembamba kiasi kwamba unashangaa haijapeperuka. Ile sanamu kubwa ajabu ni ganda. Hakuna aliyekuambia hilo ukutani, macho yako yameliona. Mbezaji atasema kwamba matajiri wamegawana uhuru vipandevipande na kuuweka sebuleni, na kwamba mafundi waliofua shaba hawatajwi majina. La pili ni kosa la kweli, na ni kosa la karibu sanaa yote ya kiwango hiki. La kwanza, mimi naona ndilo kiini cha kazi. Uhuru uliogawanywa kwa bei, kwa nchi zinazoweza kulipa, ndio uhuru ambao familia ya Phùng iliukuta baharini.

Sasa tuje nyumbani kwao, maana ndiko lawama kali zaidi zinakoelekezwa. Oma Totem, ya mwaka 2009, ni vitu vya bibi yake aliyepokelewa Ujerumani kama mkimbizi: mashine ya kufulia, jokofu na televisheni alivyopewa na mpango wa misaada, msalaba wa mbao alioupata kanisani, na kadi yake ya kuingilia kasino. Vimepangwa kimoja juu ya kingine, msalaba ukiwa umebandikwa kwenye jokofu. Ndivyo dola na kanisa vilivyomkaribisha, na hiyo kadi ya kasino ni nyongeza yake bibi mwenyewe. Mimi hiyo kadi ndiyo inayonifanya niipende kazi hii. Bila hiyo tungebaki na bibi mkimbizi mwenye shukrani, ambaye ni mtu wa kwenye mabango ya mashirika, si mtu wa kweli. Bibi mwenye kadi ya kasino ana mapenzi yake na starehe zake, na pesa za kupoteza.

Lakini je, ni haki? Mjukuu anachukua jokofu la bibi na kuligeuza bidhaa ya makumbusho. Baba anakaa ananakili lugha asiyoielewa huku mwana anazunguka Venice na New York. Kuna mwandishi yeyote mwenye mzazi mhamiaji ambaye hajajiuliza swali hilo? Ukitaka kusema Vo amemfanya baba yake mashine ya kunakili, maneno unayo.

Nadhani ni kosa, na sababu yangu iko ndani ya barua ya Vénard. Kwanza, herufi zenyewe. Wavietnam huandika lugha yao kwa herufi za Kirumi kwa sababu wamisionari wa karne ya 17 waliibuni njia hiyo. Kamusi ya Mjesuti Alexandre de Rhodes ilichapwa Roma mwaka 1651. Mkono wa Phùng unaweza kuandika Kifaransa bila kukielewa kwa sababu historia iliyomleta Vénard Tonkin ndiyo iliyomfundisha mkono huo kuandika. Kutoelewa si dosari ya kazi; ndiko kunakoonyesha jinsi dola ya kigeni inavyoweza kukaa kwenye vidole vya mtu kabla haijafika kichwani. Pili, angalia nani anamwandikia nani. Ni barua ya mwana anayekufa akimuaga baba. Anayeinakili ni baba, kwa ombi la mwanawe, na itakoma siku baba atakapokufa. Kuaga kumegeuzwa kichwa chini miguu juu, na kila bahasha inayotoka nyumbani kwa Phùng ni kuaga kwake yeye. Hiyo si unyonyaji. Ni makubaliano baina ya watu wawili ambao huenda hawana njia nyingine ya kuzungumzia kifo.

Makubaliano. Hilo ndilo ninaloliona likirudi tena na tena katika kazi zake bora. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alifunga ndoa na watu wa karibu naye, wanawake kwa wanaume, na kuwataliki upesi, akibakiza majina yao ya ukoo kwenye hati zake. Kazi inaitwa Vo Rosasco Rasmussen. Ilikuwa Denmark, nchi ya kwanza duniani kusajili kisheria mahusiano ya watu wa jinsia moja, mwaka 1989, na ambayo mwaka 2002 ilipitisha sheria ngumu ya kuwazuia wakazi wake kuleta wenzi kutoka nje kama mmoja wao hajatimiza miaka 24. Serikali ilikuwa ikiuliza ndoa ipi ni ya kweli. Vo alijibu kwa kufunga ndoa halali kabisa, zenye mhuri na saini, ambazo hazikuwa na lolote ila karatasi. Wapo walioona ni mzaha wa kijana. Ni mzaha kweli, lakini ofisi ya usajili ilishiriki kwa ukamilifu.

Halafu kuna jiwe la kaburi la Phùng. Vo alilitengeneza mwaka 2010, wakati baba yake yu hai, jiwe jeusi lenye maneno yaliyo kwenye kaburi la mshairi Mwingereza John Keats mjini Roma, kwamba aliyelala hapa jina lake liliandikwa majini. Makumbusho ya Walker Art Center, Minneapolis, yakalinunua kwa masharti. Phùng akifariki, jiwe litasafirishwa hadi Denmark na kuwekwa juu ya kaburi lake. Badala yake Walker watapokea vitu vyake vichache, vikiwamo saa ya Rolex, kiberiti cha Dupont na pete ya jeshi la Marekani, vile vitu ambavyo mwanamume wa Saigon wa miaka ile alivitamani na ambavyo Phùng alikuja kujinunulia Ulaya kama ishara kwamba amefika.

Tafakari kidogo jinsi mpango huu unavyofanya kazi. Makumbusho, ambayo kawaida hujivunia kutunza vitu milele, yamesaini kukiachia kitu chake kikafanye kazi yake ya kawaida makaburini, na kupokea mahali pake saa na kiberiti. Mtu wa kawaida wa Vietnam ya kusini amezibana taasisi mbili, makumbusho ya Marekani na makaburi ya Denmark, zimngojee yeye. Hakuna haja ya kukumbushwa kwamba ni mkimbizi ili hili likuguse. Kwa hesabu yangu hii ni mojawapo ya kazi chache za sanaa ya dhana ambamo mkataba si porojo ya kisheria bali ndiyo umbo lenyewe.

Si kila mtoto mkimbizi aliyekuja kuwa msanii amefuata njia hii. Zarina Bhimji alizaliwa Mbarara, Uganda, mwaka 1963, katika jamii ya Waasia ambao Idi Amin aliwafukuza mwaka 1972; yeye alifika Uingereza 1974. Filamu yake Out of Blue, iliyoonyeshwa kwenye Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2002, ilipigwa Uganda: majengo matupu, kuta zilizobanduka rangi, uwanja wa ndege, nyasi zinazowaka, sauti za mbali. Watu hawaonekani wala hakuna anayesimulia. Hasemi ni nyumba ya nani, nani alitolewa humo, lini. Anamnyima mtazamaji kikaratasi kwa makusudi.

Wanaombeza Vo hupenda kumtolea mfano kama huu na kusema: tazama, inawezekana kusema bila kutaja majina ya wakubwa. Inawezekana, naam. Lakini Bhimji analipa gharama nyingine. Mtazamaji asiyejua lolote la Uganda anaweza kutoka amevutiwa na mwanga kwenye ukuta wa kijani na asijue kwamba kuna watu maelfu kwa maelfu waliopewa siku 90 kuondoka. Uzuri unaweza kumeza jambo. Vo anahatarisha kugeuka mhadhiri, Bhimji anahatarisha kugeuka mandhari. Sioni kwa nini mmoja awe rungu la kumpigia mwingine.

Ninapoachana na Vo ni kwenye ukataji wa sanamu. Kwa miaka kadhaa amenunua sanamu za kale za marumaru na mbao, watakatifu na malaika, akazipiga msumeno, nyingine zikatiwa kwenye makreti ya wiski au ya maziwa ya kopo kwa kipimo cha kreti. Watetezi husema ni picha ya mwili wa mhamiaji unaolazimishwa kutosha ndani ya chombo cha mwingine. Sawa. Lakini kile kiti cha McNamara kilikuwa kiti. Fundi mwingine ataunda kama hicho kesho. Sanamu ya mbao iliyochongwa karne nyingi zilizopita na mtu ambaye jina lake limepotea ilikuwa imenusurika vita, nondo na moto, ikaja kufia mikononi mwa mtu anayetaka kutuambia kwamba vitu huharibiwa. Tulikuwa tunajua.

Sanamu hizo ndizo zilizotawala banda la Denmark kwenye maonyesho makubwa ya Venice mwaka 2015, Vo alipochaguliwa kuiwakilisha nchi iliyomwokota. Kazi nyingi alizipa majina yaliyotokana na matusi ya pepo katika filamu maarufu ya kutisha ya Hollywood. Wengine walikunja uso. Mimi nilifurahi kidogo: mtoto aliyesajiliwa jina kinyumenyume alipewa banda la taifa akalitia matusi, na taifa likalipia bili.

Mwaka huohuo, ndani ya mwezi mmoja au miwili tu tangu banda lifunguliwe, mahakama ya Rotterdam ikatoa hukumu dhidi yake. Mkusanyaji Mholanzi Bert Kreuk alidai kwamba Vo alikubali kumtengenezea kazi mpya kwa ajili ya maonyesho ya mkusanyo wake mjini The Hague mwaka 2013, na kwamba alichopelekewa ni kitu kidogo kisicholingana na makubaliano. Vo alisema hakuna makubaliano ya namna hiyo. Alikopesha tu kazi kwa maonyesho. Hapakuwa na mkataba wa maandishi unaoeleweka. Mahakama ikamwamini Kreuk, ikaamuru Vo atengeneze ndani ya mwaka mmoja kazi kubwa na ya kuvutia, kwa bei isiyozidi dola 350,000, la sivyo atozwe faini kwa kila siku ya kuchelewa. Vo akajibu kwa barua ya wazi, akijitolea kumwandikia Kreuk ukutani, kwa ukubwa wowote autakao, tusi moja kutoka filamu ileile ya pepo.

Wengi katika ulimwengu wa sanaa walishangilia. Msanii dhidi ya tajiri, nani atamshangilia tajiri? Na kweli, hukumu ilikuwa ya ajabu. Hakimu anapimaje kazi ya kuvutia? Anavutiwa nani? Kumwamuru mtu atunge ni sawa na kuamuru aote ndoto.

Ila nikiweka ushabiki pembeni, Kreuk alikuwa na jambo. Kama alidhani ameahidiwa kitu, alikuwa na haki ya kuuliza kiko wapi, na tusi si jibu la swali hilo. Tena aliyejibu hivyo ni mtu yuleyule aliyewahi kuibana Walker Art Center kwa masharti ya kifo cha baba yake, aliyejua namna ya kuitumia ofisi ya ndoa ya Denmark kama brashi, na ambaye majina ya kazi zake ni saa na tarehe. Hakuna msanii anayeijua nguvu ya karatasi kuliko yeye. Kwa Kreuk alilegeza, au nyumba ya sanaa iliyomwakilisha ililegeza, na kilichobaki ni neno la huyu dhidi ya neno la yule.

Desemba 2015 pande mbili zikapatana nje ya mahakama, madai yakaondolewa, na ile kazi kubwa na ya kuvutia haikutengenezwa.